Alisaini, basi mambo imekwisha? Filme ya mchezo wa kifo na kamera za Lubumbashi

Tangu ile The Running Man mupya ya Edgar Wright itoke mwezi wa 11 mwaka 2025, imeshazunguka hapa Lubumbashi namna filme zote zinazunguka, kutoka flashi mpaka flashi, kutoka simu mpaka simu, na maneno ninayosikia juu yake ni yale yale: ati ni filme ya bunduki na kukimbia, ati ni mambo ya Wamarekani, ati ni hadithi ya miaka inayokuja. Mimi naona tumeisoma vibaya. Stephen King alitoa kile kitabu filme imetoka mule, cha mutu anayewindwa mbele ya televizyo kwa ajili ya pesa, mwaka 1982 na akaiweka hadithi yake mwaka 2025, mwaka ambao sisi wenyewe tumeuishi, na swali lake si kama siku moja televizyo itaua mutu. Swali ni hili: mutu mwenye mutoto mugonjwa na mufuko mutupu, akisema ndiyo mbele ya kamera, ile ndiyo yake inamupa mwenye kamera haki gani? Jibu langu nalitoa mapema: inamupa haki ndogo sana, ndogo kuliko tunavyozoea kufikiri, na vijana wanaoshika kamera leo mu Katuba, mu Ruashi, mu komine ya Kenya, wanajipa haki kubwa kupita hata zile za makampuni ya telerealite ya Ulaya (emisyo zinazoonyesha watu wa kweli, si waigizaji), juu yale angalau yalishapelekwa tribinale.

Hadithi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1958 Mumarekani Robert Sheckley alitoa hadithi fupi, The Prize of Peril, ya mutu wa kawaida anayefukuzwa na wauaji wiki nzima huku nchi yote inamuangalia, na akibaki muzima analipwa. Kuna kitu mule ndani ambacho watu wanakipita mbio: serikali imepitisha sheria ya kujiua kwa hiari, kusudi mutu yeyote, hata asiye askari wala bondia, aweze kuweka maisha yake hatarini mu emisyo, mradi tu amekubali mwenyewe. Bila ile sheria mchezo hauanzi. Maana yake Sheckley alishaona kama mashine yote, kamera, piblisite, bunduki, watu wanaopiga makofi, inasimama juu ya karatasi moja yenye sahihi ya mutu mwenye shida. Mwaka 1983 Mufaransa Yves Boisset akaichukua akaifanya filme, Le Prix du danger, na kwetu sisi tuliosomea mu Kifaransa njo hiyo ningeshauri watu waanze nayo. Shirika la televizyo linamuachilia mutu mu muji, ana saa 4 za kufika fasi iliyofichwa, wanaume 5 wanamutafuta wamuue, akifika anabeba dola milioni 1. Gérard Lanvin anacheza yule mushindani, Jacquemard, na Michel Piccoli anacheza prezantatere, anayejua kuhuzunika pale emisyo inaomba huzuni na kuchangamka pale inaomba watu wachangamke. Boisset alikufa mwezi wa 3 mwaka 2025, miezi michache kabla Running Man mupya haijatoka, na sikuona wengi wanakumbuka kama yeye alishatuonyesha telerealite miaka 16 kabla Big Brother, ile emisyo ya watu wanaofungiwa mu nyumba yenye kamera, haijazaliwa kule Uholanzi mwaka 1999.

Wenye kuiangalia haraka wanasema ile dhihaka inawapiga wauaji, ao inatupiga sisi watazamaji. Inatupiga, ndiyo, lakini mimi naona jiwe lenyewe limerushwa ofisini, kwa wale wanaokaa nyuma ya vioo wanahesabu watu wangapi wanaangalia. Jacquemard anakimbia, na kila anapokaribia kufa kunatokea mutu mwema anamufungulia mulango, anamupa njia, na yeye anafikiri ni bahati ao ni roho nzuri ya raia. Kumbe ni watu wa emisyo wanamutuma msaada kusudi asife mapema, juu akikufa mapema piblisite inakosa fasi ya kukaa. Hata wema waliutengeneza. Angalia pia ile ya 2025: Ben Richards anaingia mu mchezo juu mutoto wake anaumwa na hakuna dawa, anapaswa kukaa hai siku 30, na wenye televizyo wanabadilisha picha zake na maneno yake ili watu wamuchukie, wamuchongee kwa wawindaji. Alikubali kufukuzwa. Kufanywa mutu mwingine, mwenye sura yake lakini maneno ambayo hakusema, hakuna siku aliulizwa. Hapo njo penye uzito wa filme hizi zote mbili na hapo njo watu wanapita bila kusimama: ile ndiyo ya kwanza ilikuwa ya kitu kimoja, halafu mwenye kamera akaitumia kwa vitu kumi.

Na mambo haya hayakubaki mu sinema. Kisha Big Brother, Ufaransa ilipata Loft Story, ya namna ile ile, mwaka 2001, na nyuma yake emisyo zikafwatana bila kupumua. Mwaka 2013 mushindani mwenye miaka 25 alikufa siku ya kwanza ya kupiga picha za Koh-Lanta, mchezo wa kuishi ku kisiwa, kule Kambodia, na siku chache nyuma munganga wa ile emisyo akajiua. Hakuna aliyepanga kifo kile, sisemi hivyo, lakini kiliwalazimisha watu waulize kile filme ya Boisset ilikuwa imeuliza miaka 30 mbele yake, kama mutu anayekimbia ku kisiwa mbele ya kamera ni mugeni wa mchezo ao ni mufanyakazi wa mutu. Tribinale kubwa ya Ufaransa, Cour de cassation, ilikuwa imeshajibu. Tarehe 3 mwezi wa 6 mwaka 2009, mu kesi ya emisyo L'Île de la tentation, yenye kujaribu uaminifu wa wapenzi, majaji walisema washiriki walikuwa wafanyakazi, hata kama ile karatasi waliyosaini iliitwa kanuni za washiriki na haikutaja kazi wala mushahara. Sababu yao ni rahisi kuelewa: walipangiwa saa za kuamka na za kulala, walipangiwa shuguli, walipaswa kufwata maagizo ya produksyo, na yote hayo yalikuwa yanazalisha kitu cha kuuzwa. Jina ulilolipa karatasi halibadilishi kile kinachofanyika. Naomba musomaji ashike hii, juu njo itatusaidia tukifika hapa nyumbani.

Lakini tusikie pia upande wa pili, juu una watu wenye akili na una mambo ya kweli. Wanasema: hii michezo imetoa watu mu shida. Innoss'B, mutoto wa Goma, alijulikana inchi nzima kupitia mashindano ya Vodacom Superstar akiwa bado kijana mudogo kabisa, na leo muziki wake unapita mipaka. Idris Sultan wa Tanzania alishinda Big Brother Africa mwaka 2014 na ikamufungulia njia ya uchekeshaji na sinema. Nani atasimama mbele ya vijana hawa awaambie kama kamera ni shetani? Na wanaongeza neno moja ambalo mimi naliheshimu zaidi: ukimuambia masikini asikubali, unamuamulia, unasema njaa yake imemutoa akili, unamufanya mutoto. Mama anayeuza ku barabara anajua hesabu kuliko sisi wenye kuandika, akisema franga elfu 20 kwa dakika 5 za haya ni bora kuliko siku nzima ya jua, hiyo ni hesabu yake na amepiga sawasawa. Nakubali. Wenye kutaka serikali ifunge kila kitu wanasahau kama kufunga kunaondoa ile franga elfu 20 na hakuleti ingine.

Kinachonishinda kukubali ni ule wimbo unaorudiwa kila mara mutu akilalamika: alikubali mwenyewe, hakuna aliyemulazimisha. Hii njo hoja zaifu kabisa na ni ajabu kama njo inashinda mabishano mingi. Kwanza inajifanya kama kukubali ni kitu cha mara moja, unakitoa asubui na hauwezi kukirudisha mangaribi. Mu maisha yetu yote hatufanyi hivyo: mutu aliyekubali kukukopesha baiskeli hajakubali uiuze. Pili inasahau kamera yenyewe inamufanyia mutu nini. Mwaka 2010 France 2 ilionyesha dokumentere Le Jeu de la mort. Waliita watu wa kawaida wakawaambia wanajaribu emisyo mupya, La Zone Xtrême: mutu amefungwa ku kiti, akikosa jibu wewe unamurushia umeme, na kila kosa unaongeza, mpaka volti 460. Yule wa ku kiti alikuwa mwigizaji na umeme haukuwako, lakini wao hawakujua, walimusikia analia, anaomba aachwe, kisha ananyamaza kabisa. Asilimia 81 walienda mpaka mwisho. Hakukuwa hata senti ya kushinda, walishaambiwa ni majaribio tu. Kilichowasukuma ni prezantatere anayesema endelea, na watu wa mu studio wanaopiga kelele. Ilikuwa ni kurudilia yale Stanley Milgram, mutaalamu wa saikolojia, alifanya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini badala ya mutafiti mwenye koti la maabara waliweka mwanamuke wa televizyo, na kutii kukapanda. Wengi waliwatazama wale watu kama wakatili. Mimi nikiangalia nyuso zao naona watu wanaotoka jasho, wanaocheka bila furaha, wanaosema nataka kuacha na mukono unaendelea. (Na ni kweli ile dokumentere yenyewe iliwadanganya, wengine walibaki na aibu, na wenye kuitengeneza walipaswa kulijibia hilo.) Sasa kama mutu aliyeshiba, asiye na chochote cha kupata, anashindwa kusema hapana mbele ya mikrofone, tunawezaje kusema kama mujane mwenye watoto wanaongoja unga alikubali, basi mambo imekwisha?

Tuje nyumbani sasa. Wote tunaziona hizo video. Kijana anashuka na simu na taa yake ya duara, anamukuta baba anasukuma mukokoteni, anamuambia cheza mbele ya watu kama mwendawazimu nikupe makuta, ao pigia bibi yako mutukane tusikie, ao kunywa hii pilipili yote. Zile ni nyepesi. Nzito ni zile zinazojiita za msaada: mufuko wa unga kilo 25 uko pale chini, mama yuko pembeni yake, na kabla hajaubeba anapaswa kueleza mbele ya kamera namna mume wake alifukiwa mu shimo la kuchimba, anaulizwa mara ya pili juu ya kwanza hakulia vizuri, watoto wanasogezwa karibu waonekane miguu haina viatu, muziki wa huzuni utawekwa nyuma. Hakuna karatasi. Hakuna saa. Hakuna anayemuambia kama ile video itaangaliwa Kinshasa, Ndola, Bruxelles, na kama kila anayeiangalia anamuongezea yule kijana kitu mu mufuko wake. Mama mumoja wa mutaa wetu aliniambia kama watoto wa shule wanamurudilia mutoto wake yale maneno yeye aliyasema akilia, wanayasema na sauti yake, na unga ulishakwisha zamani. Ukipima kwa kipimo cha wale majaji wa 2009, yule mama alifanya kazi: alipangiwa fasi ya kusimama, alipangiwa cha kusema, alirudishwa aseme tena, na kile kilichotoka kikauzwa. Ila yeye hakupewa hata nafasi ya kujua kama ilikuwa kazi.

Watu watasema kuchekesha kwa shida zetu ni mila ya Lubumbashi, na Mufwankolo je? Nafurahi wakimutaja. Wazazi wetu walikaa mbele ya radio na televizyo wanacheka mpaka machozi na kundi la maigizo la Mufwankolo, na mule kulikuwa walevi, wake wanaopigana, wafanyakazi wa mugodi waliokwisha mushahara kabla ya mwisho wa mwezi, wakubwa wanaokula peke yao. Ilikuwa ni sisi kabisa, mu Kiswahili yetu kabisa, na ilikuwa inauma. Lakini wale waigizaji walikuwa wanakaa kwanza, wanazungumza habari, wanakubaliana ni nani atacheza nani na hadithi itaelekea wapi, kisha kila mutu anaingia na maneno yake. Mulevi wa Mufwankolo alirudi nyumbani na jina lake zima. Aibu ilivaliwa na mutu aliyechagua kuivaa na aliyejua kuivua, na sisi tuliocheka tulijicheka bila kuonyesha jirani kidole. Kijana wa leo amechukua kicheko kile akaondoa mwigizaji, akaweka pale mutu mwenyewe. Sioni kama ni mila ile inaendelea, naona ni kinyume chake, na inaniumiza juu Lubumbashi njo muji uliokuwa umeshajua njia nzuri zaidi.

Kuna hoja ingine inayorudi, ya kwamba kosa ni la mutazamaji, asingeangalia zingekufa. Ina kweli kidogo. Lakini mutazamaji hakuandika ile emisyo, anaiona ikiisha kuwekwa mbele yake, na ukimubebesha yeye kosa lote unamuacha mwenye faida anatembea huru. Hoja inayonisumbua kweli ni ile inayozigeukia filme zenyewe: kama Le Prix du danger inatuonyesha mutu anawindwa na sisi tunakaa ku ncha ya kiti tukitaka kujua atapona ao hapana, filme imetofautiana na emisyo kwa nini? Na mufano upo, mukubwa. Squid Game ya Wakorea ilitoka mwaka 2021, hadithi kali juu ya watu 456 wenye madeni wanaouana kwa ajili ya pesa za matajiri wanaoangalia. Mwaka 2023 Netflix ileile iliyoionyesha ikatengeneza mashindano ya kweli, Squid Game: The Challenge, watu 456 wa kweli, dola milioni 4 na laki 5 na elfu 60 za kushindania, nguo zilezile za kijani, midoli ileile. Hakuna aliyeuawa, ndiyo, lakini dhihaka nzima ilimezwa na kile ilichokuwa inadhihaki. Kwa hiyo sitamuambia mutu kama filme itatuponya. Boisset alilijua hilo, njo maana mwisho wa filme yake ni muchungu: Jacquemard anafika, anajaribu kusema ukweli mbele ya kamera, wanamubeba kama mwendawazimu, na emisyo inabaki. Ukweli uliosemwa ndani ya mchezo unageuka sehemu ya mchezo. Filme inaweza kutufundisha kuangalia ofisi badala ya kuangalia muwindaji, lakini kazi ya kuifikia ile ofisi inabaki yetu, nje ya sinema.

Na hapa kwetu vyombo si kwamba havipo. Katiba yetu, artikle ya 31, inasema kila mutu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya ndani. Kodi ya nimeriki (code du numérique, sheria ya mambo ya mutandao) ya mwezi wa 3 mwaka 2023 ina sehemu nzima juu ya kulinda habari za mutu, na sura ya mutu na kilio chake ni habari zake. CSAC, baraza la serikali la vyombo vya habari, iko kwa ajili ya kuangalia mwenendo wao. Ila vyote hivyo vinaongea Kifaransa cha Kinshasa na yule mama wa unga anaongea Kiswahili ya Katuba, na kati yao hakuna mutu. Hapo njo ningependa kuona waavoka wachanga wetu, redio zetu za mitaa, hata maparokia, wanaweka nguvu: mutu aelezwe mu Kiswahili, kabla simu haijainuliwa, video itaenda wapi na nani atalipwa. Musaada utolewe kwanza, mukononi, halafu njo aulizwe kama anataka kuongea, kusudi hapana yake isimunyime chakula. Akibadilisha mawazo kesho ao mwaka ujao, video iondolewe, bila kumuuliza sababu. Mutu ambaye sura yake inaleta pesa mu video apate sehemu yake, juu ni kazi. Na watoto wasiwekwe kabisa, hata mama akikubali, juu mama anaweza kutoa ndiyo yake lakini hawezi kutoa ya mutu atakayekuwa na miaka 20 na kuomba kazi huku kila mutu anakumbuka miguu yake bila viatu.

Vijana wenye kamera watalalamika kama hii itawaua, na wengi wao si watu wabaya, ni watoto wa hapa wasio na kazi kama wale wanaowapiga picha. Nawaelewa, na kwa hiyo siko naanza na wao. Naanza na maduka, na makampuni ya simu, na wauza pombe wanaoweka majina yao juu ya zile video, juu wao wana ofisi yenye adresi, wana sheria wanazoziogopa, na wana jina wasilopenda lichafuke. Mutu akiwaandikia wawaeleze yule mama alilipwa nini na alisaini nini, wanapaswa kuwa na cha kujibu, na wasipokuwa nacho waandikiwe tena, na barua ziwekwe fasi watu wote watazisoma.